Visanduku Kumi na Sita

Ukiingia studio ya muziki Butembo, mashariki mwa Kongo, usitegemee vioo na mitambo mikubwa. Mara nyingi ni chumba kimoja: sponji la godoro limebandikwa ukutani kuua mwangwi, maikrofoni moja, laptopu, na jenereta inayonguruma uani mpaka mwimbaji awe tayari, ndipo izimwe na betri ishike zamu. Kijana wa studio anafungua FL Studio. Mbele yake kuna mistari ya visanduku kumi na sita. Anabofya cha kwanza, cha tano, cha tisa, cha kumi na tatu. Ngoma kubwa hiyo. Dakika kumi baadaye ana biti.

Programu hiyo ilitoka Ubelgiji, Desemba 1997. Sisi Wakongo na Wabelgiji tunajuana tangu ukoloni. Safari hii walau hawakuja na kiboko.

Wapo wanaosema kompyuta inaelewa muziki. Haielewi kitu. Sauti inayoingia kwenye maikrofoni hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa namba. Kwa nini nyingi hivyo? Sikio la mtu husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde, na ili mtetemo unaswe sawasawa lazima upimwe zaidi ya mara mbili. Mwaka 1957 Max Mathews wa Bell Labs, Marekani, aliifanya kompyuta ya IBM 704 ipige muziki wa sekunde 17. Zilikuwa namba tu, na namba kuna mtu aliyezipanga.

Visanduku navyo vimepangwa na mtu. Kumi na sita ni mapigo manne, kila pigo limekatwa vipande vinne. Disko na hip-hop hukaa humo vizuri. Lakini midundo mingi ya huku hukata pigo vipande vitatu. Chukua endara, marimba ya Wanande na ndugu zao Wakonzo wa Uganda: mbao zimelazwa juu ya vigogo vya migomba, wapigaji kadhaa kwenye chombo kimoja, huyu anapiga, yule anaingia penye mwanya. Mwaka 1960 Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, aliandika kuhusu marimba ya Buganda inayopigwa kwa namna hiyohiyo. Alichokigundua ni kwamba msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga: sikio lenyewe huokota noti za juu likaziunga pamoja, na za chini vivyo hivyo. Mtu wa kompyuta hapo anatikisa kichwa kwa kukubali. Kanuni mbili fupi zinarudiwarudiwa, zinafuma kitu ambacho hakimo katika yoyote kati yake.

Sasa itie endara ndani ya visanduku kumi na sita. Inachechemea. Na dawa yake ni ndogo mno: ndani ya mipangilio unaweka hatua tatu kwa kila pigo, zinakuwa kumi na mbili, mdundo unakaa. Vijana wengi niliowauliza hawajawahi kufika kwenye ukurasa huo.

Kuna pia suala la koo. Auto-Tune, ile ya kunyoosha sauti, ilitolewa mwaka huohuo wa 1997 na Andy Hildebrand, aliyekuwa akichambua mitetemo ya ardhi kwa kampuni ya mafuta ya Exxon. Mwaka 2014 kampuni nyingine ya mafuta, SOCO, ilipima kwa mitetemo chini ya Ziwa Edward, lilelile linalotuletea samaki wa Kyavinyonge. Hesabu za ukoo mmoja, basi: huku zinatafuta mafuta, huku zinanyoosha waimbaji. Usipoibadilishia mipangilio, programu husukuma kila sauti kwenye noti iliyo karibu kati ya kumi na mbili za piano. Endara haikuchongwa kwa kufuata piano, na mwimbaji aliyekua akiisikia akinyooshwa hivyo, ladha yake huondoka.

Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi Wanande mwaka 1952. Rekodi zake zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini. Huko ni mbali. Wewe wa studio, Beni au Butembo, kabla hujapakua pakiti nyingine ya midundo ya Atlanta, beba laptopu uende kwa mzee anayeijua endara. Mrekodi bila metronomu, kisha urudi uhesabu mapigo. Jenereta iache nyumbani.