Simba, Yanga na vijana wa Mwanza: Usajili unaanza kabla dirisha halijafunguliwa

Siku moja nenda CCM Kirumba timu ndogo ikiwa uwanjani. Kaa jukwaa kuu, tega sikio. Kuna watu pale ambao hawaulizi yule winga amefunga mabao mangapi. Wanauliza mkataba wake unaisha lini.

Swali hilo ndilo linaloamua nani anaondoka Kanda ya Ziwa kwenda Kariakoo, anaondoka kwa bei gani, na timu aliyoiacha inabaki na nini. Mabao yanamfanya aonekane tu. Biashara yenyewe iko kwenye tarehe.

Chukua mfano wa 2017, mwaka ambao mashabiki wa Mwanza bado wanausimulia.

Mbao FC, timu iliyotokana na wauza mbao wa jijini hapa, ilikuwa inacheza msimu wake wa kwanza Ligi Kuu. Tena ilipanda kwa mlango wa pembeni: mwaka 2016 TFF ilizishusha timu nne za kundi lake Daraja la Kwanza kwa kupanga matokeo (yale mabao 8-0 na 7-0 ya siku ya mwisho, unayakumbuka), nafasi ikaangukia kwao. Watu wakasema hawa ni wa kuja na kurudi.

Aprili 2017 wakaifunga Yanga 1-0 Kirumba, nusu fainali ya Kombe la FA. Mwezi uliofuata wakaifunga tena 1-0 siku ya mwisho ya ligi, ingawa Yanga walichukua ubingwa hivyohivyo. Kisha fainali Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, Simba wakahitaji dakika za nyongeza kuwatoa 2-1. Kocha wao alikuwa Mrundi, Etienne Ndayiragije, ambaye miaka miwili baadaye alikabidhiwa Taifa Stars.

Dirisha lilipofunguliwa, vigogo wakaja na mabegi. Simba ikamchukua kipa Emmanuel Mseja na beki Jamal Mwambeleko kutoka Mbao, ikaongeza beki Yusuph Mlipili kutoka Toto Africans, timu nyingine ya Mwanza iliyokuwa imeshuka daraja msimu huohuo. Yanga nao wakamtaka mshambuliaji wa Mbao, Pius Buswita.

Hapo kwa Buswita ndipo pa kusimama kidogo.

Agosti 2017 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ilimfungia mwaka mmoja. Kosa lake: kusaini Simba na Yanga. Adhabu iliondolewa baadaye pande zilipomalizana, akavaa jezi ya Yanga msimu huo. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi yake. Umetoka kuwa mchezaji wa timu inayohangaikia nauli, ndani ya wiki chache unaambiwa hutacheza mpira mwaka mzima. Kwa kijana anayeishi kwa miguu yake, mwaka mmoja ni mrefu sana.

Na hakuwa wa kwanza kutoka huku. Mrisho Ngassa, mtoto wa Mwanza, baba yake Khalfan aliichezea Pamba, alipanda ngazi taratibu: Toto Africans, Kagera Sugar, ndipo Yanga mwaka 2006. Baadaye akapita Azam na Simba. Aliporudi Yanga 2013, TFF ilimfungia mechi sita na kumtaka ailipe Simba Sh45 milioni, kwa sababu Simba walikuwa na mkataba wake mwingine mkononi. Ngassa wakati huo alikuwa staa wa taifa. Kama yeye alinaswa, wa Daraja la Kwanza itakuwaje?

Sasa sheria inasemaje? Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, ambazo TFF inazifuata, zina kifungu ambacho kila kijana anayecheza ndondo pale Nyamagana angepaswa kukijua kabla hajashika kalamu.

Mchezaji mwenye mkataba anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine pale tu mkataba wake umeisha, au umebakiza miezi sita au pungufu. Kwa ligi yetu, ambayo mikataba mingi inaisha katikati ya mwaka, maana yake ni hii: kuanzia Januari, wakati wote tunaangalia dirisha dogo, mchezaji ambaye mkataba wake unaisha Juni anaweza kuwa ameshamalizana na mtu. Utamwona anacheza mpaka mechi ya mwisho kama kawaida. Julai anatambulishwa Dar.

Klabu inayomtaka mchezaji ambaye bado ana mkataba inatakiwa kuiandikia barua klabu yake kabla ya kuanza mazungumzo. Huku kwetu, tuseme ukweli, mara nyingi simu inatangulia barua, na mara nyingine barua haiji kabisa.

Akisaini klabu mbili kwa kipindi kilekile, ni kosa. Akivunja mkataba bila sababu ya msingi ndani ya kile kipindi cha mwanzo kinacholindwa, kanuni za FIFA zinataja kifungo kisichopungua miezi minne. Na kuna jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi: klabu ikishakusainisha haiwezi kusema mkataba ni batili kwa sababu umefeli vipimo vya afya. Vipimo vinafanyika kabla ya kusaini. Ukiambiwa saini kwanza halafu tutaona, wewe ndiye unayepaswa kuona kwanza. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa zaidi ya miaka mitatu.

Kwa nini basi wanasaini mara mbili? Siamini kwamba ni tamaa peke yake. Timu nyingi ndogo hutoa mikataba mifupi kwa sababu hazina uhakika zitakuwa daraja gani mwakani. Kijana anajua mwakani anaweza kuwa hana timu. Anayekuja na fedha ya kusaini mkononi leo anazungumza kwa sauti kubwa kuliko anayeahidi kesho, na kijana hana wakala wala mwanasheria pembeni, ana kaka na jirani.

Mkataba mfupi huohuo unaiumiza na timu. Mchezaji aliyebakiza miaka miwili, klabu inayomtaka lazima ilipe ada ya uhamisho. Aliyebakiza miezi mitatu, inasubiri tu. Ndiyo maana yule bwana wa jukwaani anauliza tarehe.

Kuna wanaopita njia ndefu kidogo. Alliance, timu iliyozaliwa na shule ya jijini Mwanza inayochanganya masomo na mpira, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Beki Israel Mwenda alicheza pale, akaenda KMC ya Kinondoni, na 2021 Simba wakamchukua. Baadaye akafika Yanga kupitia Singida Black Stars. Klabu ya kati kama KMC ina faida yake: unazoea ligi, unacheza kila wiki, na kigogo akija anakukuta umeiva. Wale wa 2017 waliruka ngazi hiyo. Mseja alifika Msimbazi akakuta Aishi Manula ametua dirisha hilohilo akitokea Azam. Unafikiri nani angedaka?

Na timu zilizoachwa? Mwaka 2020 Alliance ilishuka daraja, na Mbao nayo ikashuka msimu uleule baada ya kupoteza mechi za mchujo dhidi ya Ihefu. Sisemi walishuka kwa sababu waliuza. Fedha, safari za zaidi ya kilomita 1,100 kwenda Dar, uongozi, vyote vimo. Ila timu inayompoteza mchezaji bila kupata fedha ya kumleta mwingine inaanza kila msimu upya. Jiji lilibaki likisubiri mpaka 2024, Pamba Jiji, TP Lindanda wenyewe, waliporudi Ligi Kuu baada ya miaka 23.

Ipo fedha moja ambayo timu za huku zinaweza kuipata hata kama mchezaji aliondoka bure. FIFA inaiita mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa timu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada nzima, na kuanzia 16 ni asilimia 0.5.

Tufanye hesabu ya mtaani. Kijana amelelewa na timu ya Mwanza tangu mwaka wa miaka 14 hadi ule wa 17, akaondoka bila senti. Miaka mitano baadaye klabu ya Dar inamuuza nje kwa dola 200,000. Timu ya Mwanza ina haki ya asilimia 1.5, yaani dola 3,000, zaidi ya Sh7 milioni. Siyo utajiri, lakini kwa timu ya vijana hizo ni jezi, mipira na nauli kadhaa za mikoani.

Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia FIFA Clearing House iliyopo Paris, ambayo inasoma historia ya mchezaji kutoka kwenye usajili wa kielektroniki. Mfumo hausomi daftari la kocha wala picha ya timu iliyobandikwa ukutani. Kama jina la kijana halikuingizwa akiwa na miaka 14, kwa Paris mwaka huo hakucheza popote.