TEKNOLOJIA: Gemu zinavyohisi mwendo na mguso, na kwa nini hukwama katika miji ya Mlima Kenya

VIJANA wanaocheza kandanda ya video katika vyumba vya gemu mjini Nyeri, Karatina, Othaya au Nanyuki hushika mikononi teknolojia ambayo wengi wao hawaitumii. Ndani ya pedi ya PlayStation 4, iliyoingia sokoni mwaka 2013, mna vihisi viwili vya mwendo pamoja na kibao cha mguso. Hata hivyo, mechi huendelea kuamuliwa kwa vibonye na vijiti viwili vya kidole gumba, jinsi ilivyokuwa tangu miaka ya tisini.

Hali hii haimaanishi kwamba vijana wa eneo hilo wameachwa nyuma. Mitambo inayohisi mwili wa mchezaji iliundwa kwa kukisia chumba cha ukubwa fulani, mwanga wa aina fulani na mikono ya aina fulani. Makisio hayo yasipolingana na maisha ya mtumiaji, mtambo huzubaa. Kwa hivyo, mzazi anayenuia kununua gemu, mfanyabiashara anayeikodisha na mwanafunzi anayetamani kuiunda wote wana haja ya kujua mitambo hii inafanya kazi vipi, kwani asiyejua atatupa pesa zake.

Abiria ndani ya chipu

Teknolojia ya mwendo ilipata umaarufu Novemba 2006, kampuni ya Nintendo ya Japani ilipozindua mtambo wa Wii. Badala ya kubonyeza, mchezaji alipunga rimoti hewani kana kwamba ameshika raketi ya tenisi, naye mchezaji wa kwenye runinga akapiga mpira. Zaidi ya mitambo milioni 100 ya Wii iliuzwa kote duniani.

Siri ilikuwa chipu ndogo iitwayo akseleromita. Ili kuielewa, mfikirie abiria katika matatu inayotoka Nyeri kwenda Karatina. Dereva akikanyaga breki, abiria husukumwa mbele. Akiongeza kasi, huegemea nyuma. Akikata kona, hulalia upande. Mtu aliyefumba macho angeweza kujua gari linafanya nini kwa kuhisi tu jinsi mwili wake unavyoyumba.

Ndani ya akseleromita, abiria huyo ni kipande cha silikoni kisichoonekana kwa macho, kilichoning'inizwa kwa springi nyembamba mno. Mkono ukisogea, kipande hicho huyumba, nacho kiasi cha umeme kinachohifadhiwa kati yake na kuta zilizo kandokando hubadilika. Badiliko hilo ndilo linalotafsiriwa kuwa mwendo. Hata rimoti ikitulia, chipu huendelea kuhisi mvutano wa dunia, na kwa njia hiyo hujua imeinamishwa upande gani.

Teknolojia hiyo haikuanza na gemu. Katika miaka ya 1990, chipu za aina hiyo zilianza kuwekwa kwenye magari ili zitambue ajali na kufyatua mifuko ya hewa inayomkinga dereva. Kwa maana hiyo, magari mengi yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani na kufika katika barabara za Nyeri yamebeba ndugu wa chipu iliyomo katika gemu.

Somo la maji ya Nanyuki

Akseleromita pekee haitoshi, kwa sababu haielewi vyema kuzunguka kwa kiwiko au kifundo cha mkono. Ndiyo maana mwaka 2009 Nintendo iliongeza kifaa chenye kihisi cha pili, jairoskopu. Maelezo yake yana uhusiano wa karibu na mji wa Nanyuki.

Watalii wanaosimama penye bango la ikweta mjini humo huonyeshwa maji yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari, na upande wa pili kusini mwake. Huambiwa kwamba ni kani ya Coriolis, inayotokana na kuzunguka kwa dunia. Kani hiyo ipo, na ndiyo husokota dhoruba kubwa za baharini. Lakini katika beseni, tena hatua chache tu kutoka ikweta, ni hafifu mno kuweza kugeuza maji. Kinachoamua ni namna maji yalivyomiminwa na beseni lilivyoshikwa.

Kinyume chake, ndani ya jairoskopu kani ya namna hiyo hufanya kazi kwelikweli. Kipande cha silikoni hutikiswa mbele na nyuma maelfu ya mara kwa sekunde. Mchezaji akizungusha kifaa, kipande hicho husukumwa kando, mfano wa mtoto anayejaribu kutembea moja kwa moja juu ya bembea inayozunguka. Chipu hupima msukumo huo na kujua mkono umezunguka kwa kasi gani. Kwa hivyo, mtalii anayerekodi maji ya beseni kwa simu huenda ameishika kani ya Coriolis ya kweli kiganjani mwake.

Chumba cha futi kumi kwa kumi

Hatua iliyofuata ilikuwa kumwondolea mchezaji rimoti kabisa. Novemba 2010, Microsoft ilizindua Kinect, kamera iliyounganishwa na mtambo wa Xbox 360. Ilirusha chumbani maelfu ya vitone vya miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni, kisha ikasoma jinsi vitone hivyo vilivyopinda juu ya mwili wa mchezaji. Kutokana na mpindo huo, ilikadiria umbali wa kichwa, mikono na miguu. Kinect milioni 8 ziliuzwa katika siku 60 za kwanza.

Hapo ndipo makisio ya watengenezaji yalipojitokeza wazi. Kinect ilihitaji mchezaji asimame takriban mita 1.8 kutoka kwa kamera, na wawili wakicheza, takriban mita 2.4. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, ambacho ni cha kawaida katika miji mingi ya Kenya, kina urefu wa mita 3. Ukishaweka kitanda, meza na jiko, nafasi hiyo haipo tena.

Jua nalo lina infraredi nyingi. Likipenya dirishani, hufunika vitone vya Kinect jinsi mwanga wa mchana unavyofunika nyota. Katika miji iliyo karibu na ikweta, ambako jua la adhuhuri ni kali, mtumiaji hulazimika kufunga mapazia ili mtambo umwone.

Kulizuka pia mjadala kuhusu rangi ya ngozi. Mnamo 2010, tovuti ya GameSpot iliripoti kwamba sehemu ya Kinect ya kutambua nyuso ilipata shida kuwatambua baadhi ya watu weusi. Shirika la Consumer Reports lilifanya majaribio yake na kusema tatizo lilikuwa mwanga hafifu, wala si rangi. Ufuatiliaji wa mwili kwa infraredi haukuhusika. Hata hivyo, mjadala huo ulifunza kwamba mashine inayotazama watu lazima ijaribiwe kwa watu wa kila aina, katika vyumba vya kila aina.

Kwa mwenye chumba cha gemu, hesabu ni nyepesi. Wachezaji wawili wenye pedi hutosha kwenye benchi moja mbele ya runinga moja. Wachezaji wawili wanaorukaruka huchukua nafasi ya mabenchi kadhaa, ilhali kodi ya chumba ni ile ile. Isitoshe, mkono unaopunga unaweza kuponyokwa. Desemba 2006, mwezi mmoja tu baada ya kuzindua Wii, Nintendo ililazimika kujitolea kubadilisha kamba milioni 3.2 za kufungia rimoti mkononi, baada ya baadhi ya rimoti kuchomoka na kuruka. Runinga iliyopasuka ni hasara ya siku nyingi za biashara.

Mguso na mikono yenye umande

Teknolojia iliyofaulu kupenya kila kijiji ni ya mguso, nayo haikuingia kupitia mitambo ya gemu bali kupitia simu. Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa simu za mkononi, kabla ya kuirejesha 2013. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2011, Safaricom ilileta sokoni simu ya Huawei IDEOS kwa takriban Sh8,000. Kwa Wakenya wengi, hiyo ndiyo iliyokuwa skrini yao ya kwanza ya mguso.

Skrini za mguso ni za aina mbili kuu. Ya kwanza, iliyotumika katika Nintendo DS ya mwaka 2004, ina tabaka mbili zinazogusana zikibonyezwa. Haijali kinachoibonyeza, kiwe kucha, kijiti au glavu. Ya pili, iliyopata umaarufu kupitia iPhone mwaka 2007, ndiyo iliyomo katika karibu simu zote za kisasa. Chini ya kioo chake mna wavu usioonekana wenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu, kwa kuwa una maji na chumvi, hupitisha umeme. Kidole kikikaribia, chaji hubadilika na simu hutambua mahali pake.

Faida ya aina hii ya pili ni wepesi, na uwezo wa kuhisi vidole vingi kwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba inakisia kidole kikavu, laini na kilicho wazi.

Wachumaji wa majani chai katika vilima vya Othaya na Tetu huanza kazi majani yangali na umande. Tone la maji likianguka kwenye skrini, nalo hupitisha umeme, na simu huenda ikalidhania kuwa kidole. Aidha, ngozi yenye sugu kutokana na kazi ya jembe na panga ni kavu na nene, hivi kwamba wakati mwingine skrini haiihisi. Msimu wa ukungu na baridi wa Juni hadi Agosti ukifika, glavu za sufu huziba umeme kabisa. Mtu anayelaumu simu yake kuwa mbovu huenda ana simu nzima iliyokisia mikono ya karani wa ofisini.

Tiba zipo. Baadhi ya simu zina sehemu ya kuongeza wepesi wa skrini, inayofaa watumiaji wa glavu. Kuondoa plastiki nene ya kinga na kupangusa skrini husaidia. Katika gemu za mbio za magari, mchezaji anaweza kuchagua kuendesha kwa kuinamisha simu badala ya kuigusa, kwa maana akseleromita haijali kama mkono umelowa au una sugu.

Kwa wanaonunua mitambo iliyotumika, tahadhari ni muhimu. Duka la mtandaoni la Wii lilifungwa Januari 2019, hivyo asiye na diski hana gemu. Microsoft iliacha kutengeneza Kinect mwaka 2017, na mitambo ya Xbox iliyozinduliwa 2020 haiitambui. Ni busara pia kupima chumba kabla ya kulipa.

Fursa iliyopo Nyeri

Swali kubwa ni nani atakayeunda vifaa na gemu zinazokisia maisha ya hapa. Ushahidi kwamba inawezekana kumwanzia mtumiaji upo: mwaka 2018 Microsoft ilitoa pedi iliyoundwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, yenye vibonye vikubwa na nafasi za kuchomeka vifaa vingine kulingana na mwili wa mchezaji.

Nchini Kenya, uwezo wa kuunda gemu si jambo geni. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa gemu ya kompyuta, The Adventures of Nyangi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Planet Rackus iliunda Ma3Racer, gemu ya simu ambapo mchezaji huendesha matatu barabarani.

Kwa upande wa chipu zenyewe, Nyeri ina nafasi ambayo miji mingi ya Afrika haina. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho kando ya barabara ya Nyeri kuelekea Mweiga na kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili Desemba 2012, kipo kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, kinachojihusisha na chipu na teknolojia ya nano. Mwaka 2024, shirika la biashara na maendeleo la serikali ya Marekani, USTDA, lilitangaza ufadhili wa uchunguzi kuhusu uwezekano wa kampuni hiyo kupanua utengenezaji wa chipu nchini.

Kutoka hapo hadi kihisi cha gemu kilichoundwa Nyeri ni safari ndefu, inayohitaji mtaji, umeme usiokatika na wahandisi wengi. Lakini si kila hatua inasubiri kiwanda. Vihisi tayari vimo katika simu za wakazi na katika pedi za vyumba vya gemu. Uamuzi kuhusu jinsi vitakavyotumika hufanywa katika programu, na programu inaweza kuandikwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Atakayeunda gemu inayokubali mkono wenye umande, ichezwe katika chumba cha futi kumi jua likiwaka dirishani, hatakuwa na upungufu wa wateja kuanzia Othaya hadi Nanyuki.