Mtihani wa umeme uliotufikisha kwenye friji ya mama

Kwa miaka miwili mama yetu alikuwa hafungui friji bila kuvaa ndala. Akiwa peku na sakafu ikiwa na maji, mkono ukigusa mlango alisikia kama sisimizi wanatembea kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Wajukuu walishaambiwa kwamba friji ya bibi inapiga shoti, vaa ndala kwanza. Tulikuwa tunacheka. Nyumba iko Butiama, umeme aliufunga mdogo wangu mwenyewe, na taa zote zinawaka.

Mdogo wangu ana miaka 24, tunaishi naye Nyasho hapa Musoma. Kazi aliijifunza kwa kumbebea ngazi fundi mmoja wa Bunda baada ya kidato cha nne, na mpaka leo nyumba nyingi anazofunga ziko Bunda. Mwaka huu aliamua kufanya mtihani ili ujuzi wake utambuliwe. Wazazi wengi hawajui kwamba VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Kijana anapimwa kwa nadharia na vitendo, anaonyeshwa mapengo yake, na akifaulu anapata cheti bila kuanza chuo upya.

Cheti peke yake hakimfanyi kuwa mkandarasi. Leseni ya kufunga umeme inatolewa na EWURA, kwa madaraja, kulingana na elimu na uzoefu wa mwombaji. Asiye na leseni anafanya kazi, kisha anatafuta mwenye leseni wa kumsainia, na sehemu ya ujira inabaki huko. Kwa kijana anayelipwa kwa chumba, hiyo ni hela ya chakula.

Nilidhani vitendo ndivyo vitamsumbua. Kumbe ni daftari. Mikono yake inajua kazi yote, ila inaijua kwa Kiswahili cha saiti: waya wa moto, nyutro, ethi. Vitabu vya kanuni viko kwa Kiingereza, na vimebeba mapokeo ya Uingereza, ambako kanuni za kwanza za kufunga umeme majumbani zilitolewa mwaka 1882 kwa lengo la kuzuia moto. Alikuwa anasoma ukurasa mmoja kwa saa nzima, analala juu ya kitabu. Tukabadilisha. Kila jioni baada ya kula anaandika kanuni tano kwa Kiswahili chake, upande wa pili wa karatasi jina lake la Kiingereza. Mama alipokuja kutibiwa macho akakaa nasi wiki tatu, akawa ndiye anayeshika karatasi na kumuuliza. Hajui Kiingereza, lakini jibu lilikuwa mbele yake kwa Kiswahili, na mama hana huruma.

Rangi za waya zilimchanganya kuliko nilivyotegemea. Kwenye mfumo wa zamani nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Kwenye mfumo mpya kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni ethi. Tatizo liko kwenye nyumba zenye njia tatu za umeme: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa inaweza kuwa moto, na bluu iliyokuwa moto sasa ni nyutro. Nyumba ya zamani ikiongezewa chumba kwa waya mpya, rangi zote mbili zinakutana kwenye boksi moja. Anayekariri bila kupima anaweza kufa hapo.

Mimi ni mwandishi wa afya, kwa hiyo sura niliyomsaidia vizuri ni ile ya mwili wa binadamu. Balbu ya wati 10 kwenye volti 230 inavuta miliampia 43 hivi. Kiasi kama hicho kikipita kifuani kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sasa angalia breka ya soketi jikoni kwako. Mara nyingi imeandikwa 32, yaani ampia 32, sawa na miliampia 32,000. Breka hiyo inalinda waya usiungue. Mtoto aliyeng'ang'aniwa na umeme haioni kabisa.

Kinachomwona mtoto ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni ethi, waya unaotoka kwenye soketi hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, ili umeme ukivuja kwenye bati la friji upate njia nyingine badala ya mwili. Cha pili ni breka ya RCD, ile yenye kitufe kidogo cha herufi T, ambayo ya kawaida majumbani hukata umeme ukivuja kufikia miliampia 30. Na ubaya wa ethi ni kwamba ikikosekana hakuna kinachozimika. Televisheni inaonyesha, pasi inapata moto, fundi amelipwa ameondoka. Hata tesita ya bisibisi haikuambii chochote kuhusu ethi.

Tulipofika kwenye sura ya kupima ethi, mdogo wangu akanyamaza. Nikamuuliza kuna nini, akasema kesho anaenda Butiama.

Aliazima kipimo kwa mkandarasi anayefanya naye kazi. Nilienda naye. Wanaojua Butiama wanajua ardhi yake, mawe kila mahali. Miaka miwili nyuma, alipokuwa akigongelea fimbo ya ethi nyuma ya jiko, ilikutana na mwamba kabla haijafika hata robo. Aligonga mpaka akachoka. Kisha akaikata kwa msumeno wa chuma, kipande kilichobaki juu akakifungia waya, akafukia. Aliyesaini fomu hakufika kuangalia. Na RCD hakuweka, kwa sababu mama alikuwa amebakiwa na hela kidogo.

Kanuni alizokuwa anakariri zinashauri kipimo cha fimbo kisizidi omu 200 hata pale penye RCD. Yetu ilisoma zaidi ya 900, na wakati huo tulikuwa kiangazi, udongo mkavu. Mama alisimama mlangoni akiwa na ndala zake, akauliza kama ni kubaya. Mdogo wangu alimjibu kwamba ndiyo, ni kubaya, na ni yeye aliyefanya.

Tulichimba upya kwenye mteremko, karibu na migomba ambako maji ya kuoshea vyombo humwagwa na udongo hauishi unyevu. Fimbo mbili, zimeachana, zimeungwa kwa waya mmoja. Siku nzima ya mtaimbo. Kipimo kikashuka hadi omu 70 na kitu. RCD nilinunua mimi.

Mzazi, ukiwa na RCD bonyeza kitufe chake cha T mara kwa mara. Umeme ukikataa kukatika, ita fundi mwenye leseni. Kifaa chochote kinachokusisimua ukikigusa, chomoa na usikitumie, ndala si tiba. Mtu akinaswa, usimshike. Zima meinswichi kwanza, na isipowezekana msogeze kwa ubao mkavu ukiwa umesimama pakavu. Kama hapumui, mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri. Kumfukia mchangani au kumnywesha maziwa kunapoteza muda tu. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa kuwa jeraha la umeme huweza kuwa dogo kwenye ngozi na kubwa ndani.

Mtihani ameshafanya, majibu bado. Nyuma ya daftari lake la kanuni ameandika nyumba 11 alizofunga Bunda kabla hajajua kupima ethi. Ameshazirudia 4, kwa nauli yake mwenyewe, na mbili kati ya hizo fimbo zilikuwa fupi. Ya 5 mwenye nyumba alimkatalia getini. Alimwambia umeme unawaka vizuri, aache kusumbua watu. Mdogo wangu anasema Jumamosi atarudi tena, safari hii akiwa na mama.