Panya hana lupango: namna tunavyolinda shamba letu la pamoja

Mwezi wa kumi umefika, mvua za kwanza ziko njiani, na katika mitaa mingi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi watu wanashika jembe. Wafanyakazi wa mine pia. Mshahara unaisha mbele ya mwezi, na unga wa bukari tunaokula hapa Katanga unategemea sana Zambia. Mwaka 2024, ukame ulipoharibu mahindi kule, kila mama aliyeingia sokoni hapa alijua. Ndiyo maana familia nyingi zinalima pembeni ya kamp: mahindi, karanga, viazi vitamu, lenga-lenga, mihogo ya sombe. Lakini mkulima hayuko peke yake. Panya naye anangojea mbegu, na mara nyingi yeye ndiye anavuna wa kwanza.

Sisi tunaoandika hapa ni delege na wanachama wa sendika. Karibu na kamp yetu kuna shamba moja la pamoja. Limegawanywa viwanja, kila familia na mistari yake, na kati ya kiwanja na kiwanja hakuna ukuta, ni njia tu ya mguu. Upande mmoja kuna nyumba, upande mwingine kuna uwanja wa kampuni wenye seng'enge na majani marefu. Kwa watu mpangilio huu ni mzuri. Kwa panya ni mzuri zaidi.

Tumjue kwanza

Panya anayefukua mbegu zetu si lazima yule mnene wa sokoni na wa mifereji. Mharibifu mkubwa wa mahindi ni panya wa shamba, mdogo, wa rangi ya udongo, ambaye wataalamu wanamwita Mastomys natalensis. Yuko kwetu, yuko Zambia, yuko Tanzania, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, wamemfuatilia miaka mingi. Jike lake lina chuchu nyingi kupita panya wengine, kwa hiyo linaweza kulea watoto wengi. Kumi kwa mara moja si ajabu. Mimba inachukua siku 23 hivi. Mvua ikinyesha na majani yakitoa mbegu, kuzaa kunaanza, na miezi michache baadaye watoto nao wanakuwa wazazi.

Hapo tupige hesabu pamoja. Panya jike mmoja aliyeuawa sasa, mbele ya mvua, ni kundi zima ambalo halitaonekana mwezi wa tatu. Wengi wetu tunaanza kutega wakati mahindi yanakauka, panya wakiwa wamejaa tayari. Ni sawa na kuita wafanyakazi kwenye mkutano kesho yake baada ya mkataba kutiwa sahihi.

Panya huyu anatupiga mara mbili. Mara ya kwanza ni siku zile za mwanzo baada ya kupanda: anafuata mstari, anafukua punje moja moja, asubuhi unakuta vishimo vidogo vimepangwa kama mtu alipita na kijiti. Mara ya pili ni wakati muhindi umekomaa. Na ukiona viazi au mihogo imeliwa toka chini, juu majani yakiwa mazima na chungu cha udongo kimeinuliwa pembeni, usimlaumu panya. Huyo ni fuko. Wataalamu walichukua hata jina lake la kwetu, wakaita ukoo wake Fukomys mwaka 2006. Fuko anatafutwa kwa jembe kwenye njia zake za chini, na wengi wetu tunajua anaishia kwenye sufuria. Mtego wa panya haumhusu.

Dawa ya kwenye mfuko

Mwaka uliopita baadhi ya watu walinunua dawa barabarani, ile ya vifuko vidogo visivyo na karatasi ya maelezo, wakaichanganya na unga, wakamwaga usiku. Panya kweli walikufa. Kuku za jirani nazo zikafa, na mbwa mmoja. Hakuna aliyesema ni yeye. Kwenye njia za shamba ikawa kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mama mmoja alitusimamisha akasema: "Tata delege, leo njo kuku. Kesho njo mutoto. Mutasema nini?"

Alikuwa na haki. Watoto wanacheza pale, wanaokota kila kitu. Kuna pia familia zinazokula panya wa shamba, na hatuoni sababu ya kuzicheka: nyama ni nyama. Lakini panya aliyekula dawa hafi papo hapo kila mara. Anatembea, anakamatwa na mtoto wa jirani, anachomwa, analiwa. Paka anamkula, bundi anamkula, nao wanakufa, na panya wanaobaki wanapata amani kuliko mbele.

Na kwa kuwa tumemtaja bundi: huyu ndege anapigwa mawe kwetu kwa sababu ya maneno ya bulozi. Kila mtu abaki na imani yake, hatuingii huko. Tunasema tu tunachokiona: bundi anawinda usiku, na chakula chake kikubwa ni panya. Anayemuua anampa panya zawadi.

Kiwanja cha mjane

Jambo lililotuchoma zaidi halikuwa panya mwenyewe. Katikati ya shamba kuna kiwanja cha mama mmoja mjane. Mume wake alikuwa mfanyakazi, alifariki. Miguu ya mama imevimba, watoto wako mbali, majani yakapanda mpaka kifua. Panya walitengeneza humo kijiji. Kwenye mkutano wa shamba, watu wengi waliomba mama anyang'anywe kiwanja, apewe mtu mwenye nguvu. Mmoja alisema wazi: "Ule mama iko analisha panya na mahindi yetu."

Hasira yao tuliielewa. Mtu aliyepanda mara mbili na kununua mbegu mara mbili hana uvumilivu. Lakini tuliuliza swali moja: panya wa kiwanja cha mama wanatoka wapi, na wanaenda wapi? Hakuna aliyejibu, kwa sababu wote tunajua. Panya hana lupango. Ukimfukuza kwangu anaingia kwako, ukichoka kutega yeye anarudi kwangu. Ukimtoa mama leo, kesho tutamtoa mgonjwa wa mapafu, kesho kutwa yule aliye poste ya usiku asiyepata muda wa kupalilia. Mwishoni shamba litabaki la watu watatu, na panya watakuwepo bado.

Uamuzi ulichukua mikutano miwili. Mtu mmoja alikasirika akaacha shamba. Wengine walikubali hivi: kiwanja cha mama kinabaki chake, na kila Jumamosi ya pili ya mwezi ni salongo. Asiyeweza kushika jembe anatoa kitu kingine: mama yule anakaanga karanga za chambo na anatunza daftari la mitego.

Kazi yenyewe

Tunaeleza tunachofanya ili na wengine wachukue.

Kwanza, kufyeka. Mbele ya mvua tunafyeka ukingo wote wa shamba na njia za katikati, tunaondoa matawi, mabati ya zamani na chungu za takataka. Panya anaogopa kupita mahali peupe kwa sababu huko ndege anamuona. Hatuchomi moto: moto unawasukuma kwa jirani au ndani ya nyumba, kisha wanarudi.

Pili, kutega pamoja, siku zile zile, kila kiwanja. Tunaendelea usiku kadhaa mfululizo. Usiku mmoja hausaidii kitu. Mitego ya chuma tunaiweka kando ya njia zao na karibu na mashimo. Katikati ya shamba hawapiti ovyo. Chambo ni karanga iliyopondwa, au bukari yenye mafuta kidogo, au kapenta. Asiye na franga ya mtego anatumia ndoo: anaifukia mpaka mdomo uwe sawa na udongo, anatia maji nusu, juu anapitisha waya wenye kopo tupu linalozunguka, kopo limepakwa karanga. Panya anapanda kopo, kopo linageuka, anaanguka. Mchana ndoo inafunikwa vizuri, kwa sababu ya watoto. Asubuhi ya kwanza tulitoa panya wa kujaza ndoo nzima, na hapo hata waliokuwa na mashaka walinyamaza.

Tatu, usafi. Panya anabeba magonjwa. Kule Ituri tauni bado inajulikana, na inapita kwa viroboto vyake. Hatumshiki kwa mkono mtupu. Mfuko wa plastiki mkononi, shimo refu, udongo juu, kisha sabuni.

Nne, kupanda kwa wakati mmoja. Ukipanda peke yako wiki mbili mbele, panya wote wa shamba wanakuja mezani kwako. Tukipanda wote kwa siku chache, hasara inagawanyika, na mimea inapata nguvu kwa pamoja.

Tano, kuvuna na kuweka. Muhindi uliokauka usilale shambani. Ghala linainuliwa kwa miguu ya mita moja hivi, na kila mguu unavalishwa bati, panya asipate pa kushika.

Dawa barabarani haiingii tena. Hiyo tuliandika kwenye sheria ya shamba, na kila familia ilitia sahihi.

Bado seng'enge

Panya hawajaisha, na hawataisha. Lakini msimu uliopita mistari iliyopandwa upya ilikuwa michache, na kuku ziko hai. Kinachobaki ni ule uwanja wa majani marefu nyuma ya seng'enge. Tulimwandikia mwenye uwanja. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba usafi wa upande ule si kazi yao.

Hatutachoka. Sheria ya mine iliyorekebishwa mwaka 2018 inaomba kampuni kuweka angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka, na kuandika ahadi zake kwenye cahier des charges. Watu wakiulizwa wanahitaji nini, mara nyingi wanataja shule na barabara, na ni haki. Tunaomba wenzetu wataje pia mabati ya maghala, mitego, na kufyeka ukingo wa seng'enge mara mbili kwa mwaka. Ni vitu vya bei ndogo. Lakini vinatofautisha gunia linalofika nyumbani na gunia linaloishia shimoni.

Kwa wasomaji wenye mashamba ya namna hii: mbegu bado iko ndani ya mifuko. Iteni mkutano wiki hii, mtafute aliyeshindwa kufyeka, mumsaidie. Mitego itangulie mvua.