Usikaze kifuniko: divai yangu ya kwanza hapa Voi

Mzabibu wako wa nyuma ya nyumba usiwaachie ndege. Dodoma ni kukavu kama Voi, na wenzetu huko wanatengeneza divai.

Ponda zabibu kwenye ndoo safi pamoja na maganda, tia hamira kidogo, funika kwa kitambaa. Zamisha maganda asubuhi na jioni. Baada ya wiki moja, chuja.

Shida ni joto letu. Likizidi nyuzi 35, hamira huchoka kabla sukari haijaisha, kwa hivyo weka ndoo ndani ya karai la maji. Mtungi wangu wa kwanza niliukaza kifuniko. Gesi ikaupasua saa nane usiku, mama akadhani ni wezi. Wa pili niliuacha wazi, ukawa siki. Kilo nne za zabibu! Tunaitilia kachumbari mpaka leo.

Kuuza? Bila leseni, sheria ya vileo ya 2010 itakushika.