Matiti ya kupandikizwa yanapojikunja

Anayekumbuka maji ya kandoro, yale ya mifuko ya nailoni yaliyouzwa kwenye vituo vya daladala Mbagala na Manzese, ataelewa upesi. Mfuko uliojaa ulikuwa laini, mviringo. Ukinyonywa hadi nusu, unajikunja.

Matiti ya kupandikizwa nayo huweza kufanya hivyo. Mwenyewe akiinama, mistari kama mawimbi hujitokeza pembeni au chini ya titi, mahali penye nyama haba. Mikunjo yenyewe si saratani na kwa kawaida haiumi, ila inakera. Uvimbe mpya, maumivu au titi kubadilika umbo ghafla ni habari nyingine: nenda hospitali.

Kipandikizi ni ganda la silikoni lenye maji ya chumvi au jeli ndani yake. Cha maji hujikunja zaidi, hasa kikijazwa pungufu. Hata hivyo, kwa maoni yangu watu huulaumu mfuko na kusahau blanketi lake, yaani nyama na ngozi inayoufunika. Mwanamke mwembamba, aliyepungua uzito baadaye, au aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, ana ngozi tu ya kuufunika. Kipandikizi kikiwekwa juu ya msuli wa kifua badala ya chini yake, kila mkunjo unaonekana. Ganda lenye uso wa kukwaruza nalo huweza kushikana na kovu linalolizunguka, likavuta ngozi.

Basi marekebisho hugusa mfuko, blanketi au vyote viwili. Daktari hutoa kipandikizi cha maji na kuweka cha jeli nzito, au hukihamishia chini ya msuli. Huweza pia kufyonza mafuta tumboni au mapajani na kuyadunga juu ya mikunjo. Sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili, kwa hiyo huenda kazi ikarudiwa. Wapo wanaoomba kipandikizi kikubwa zaidi ili kunyoosha mikunjo. Huko ni kukopa ili kulipa deni, maana uzito huzidi kuikondesha ngozi. Na anayechoka anaweza kukiondoa kabisa.

Tangu matiti ya silikoni yapandikizwe kwa mara ya kwanza Houston, Marekani, mwaka 1962, hakijapatikana kipandikizi cha kudumu maisha yote. Sasa upasuaji wa urembo unafanyika hapahapa Tanzania, hata katika hospitali ya Mloganzila. Kabla ya kusaini, muulize daktari: kitakaa juu au chini ya msuli, na nyama yangu inatosha kukifunika? Kisha itunze kadi yenye aina na ukubwa wa kipandikizi. Daktari wa marekebisho ataanza kwa kuiomba.