Mtoto anataka chura wa rangi? Soma hili kabla ya kununua

Ni wadogo kiasi cha kukaa juu ya kidole gumba, wana rangi ya bluu, njano au kijani inayong'aa, na watoto wakishawaona kwenye video za simu huanza kuwaomba. Kwa familia zetu zinazoishi Marekani, Uingereza au Ujerumani, ombi hilo linawezekana. Huko vyura hawa huzalishwa na kuuzwa kwa ajili ya kufugwa ndani ya nyumba, kwenye tangi la kioo lililopandwa mimea.

Swali la kwanza la mzazi huwa moja: si wana sumu hawa?

Sumu inatoka kwenye chakula

Asili yao ni misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Huitwa vyura wa mishale kwa sababu Waembera wa Colombia walipaka mishale yao ya kuwindia sumu ya aina chache za vyura hao, hasa yule anayeitwa Phyllobates terribilis.

Lakini chura huyu hazaliwi na sumu ya kumdhuru mtu. Huipata kwa wadudu anaowala msituni, wakiwamo sisimizi na utitiri. Miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na John Daly wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani walionyesha kuwa vyura waliolelewa kwa nzi wa matunda hawakuwa na sumu hiyo kwenye ngozi.

Aliyekamatwa msituni ni habari nyingine, kwani anaweza kubaki na sumu kwa muda mrefu. Hivyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji chura amezaliwa wapi. Asipokuwa na jibu la kueleweka, ondoka.

Hatari iko mikononi

Kinachostahili kumtia mzazi wasiwasi ni salmonela, bakteria wanaoleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Chura anaweza kuwabeba bila kuonekana mgonjwa.

Kati ya mwaka 2008 na 2011, watu 376 katika majimbo 44 ya Marekani waliugua salmonela iliyohusishwa na vyura wadogo wa majini waliofugwa nyumbani. Angalau nusu yao walikuwa na umri wa miaka 5 au chini ya hapo. Hao hawakuwa vyura wa mishale, lakini somo ni lilelile.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kinashauri watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa miaka 65 na zaidi na watu wenye kinga dhaifu wasiguse vyura wala vitu vya tangi lao. Kama una mtoto wa umri huo nyumbani, subiri. Wakubwa wanawe kwa sabuni kila wanapomaliza kuhudumia tangi, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Chura naye huumia akishikwa. Ngozi yake hunyonya mafuta ya kujipaka, sabuni na dawa ya mbu. Mweleze mtoto mapema kuwa huyu ni wa kutazamwa.

Yupi anafaa tangi dogo?

Tangi la sentimita 45 kila upande linatosha vyura wawili. Kwa anayeanza, kuna aina tatu za kufikiria:

- Dendrobates leucomelas: wa njano mwenye mabaka meusi, kutoka Venezuela na nchi jirani. Hajifichi sana, huishi vizuri na wenzake, na dume huimba kama ndege. Kwa familia yenye watoto, ningeanza na huyu.
- Dendrobates auratus: wa kijani na nyeusi, kutoka Amerika ya Kati na Colombia. Ni mvumilivu lakini ana aibu. Mtoto anaweza kukaa siku nzima bila kumwona.
- Dendrobates tinctorius: mkubwa zaidi, hufika sentimita 5, yule wa bluu kutoka Suriname ni wa kundi hili. Ni jasiri, ila majike hupigana, hivyo mfuge dume mmoja na jike mmoja tu.

Jamii ya Ranitomeya, ambao wengi hawazidi sentimita 2, na Oophaga pumilio waachie wazoefu. Usichanganye aina tofauti kwenye tangi moja: wanaweza kuzaliana, kupigana na kuambukizana magonjwa.

Gharama ya kila siku

Panda mimea na tandaza majani makavu wiki kadhaa kabla chura hajaingia. Anahitaji unyevunyevu mwingi na joto la nyuzi 22 hadi 26. Likipita 30 linaweza kumuua. Kwa hiyo ndugu wa Dar es Salaam au Mombasa wanaotamani kumfuga wajue kuwa chumba cha kawaida mwezi Februari hakimfai.

Chakula chake ni nzi wadogo wa matunda wasioweza kuruka, walionyunyiziwa unga wa kalsiamu na vitamini. Nzi hao utalazimika kuwazalisha mwenyewe kwenye makopo, nyumbani. Na chura akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 10. Mtoto wa miaka 8 leo atakuwa ameondoka kwenda chuo, wewe bado unalisha.

Akikushinda, usimwachie nje

Mwaka 1932, vyura wa aina ya auratus waliachiwa Hawaii ili wale mbu, na uzao wao uko huko hadi leo. Chura wa kufugwa anaweza pia kupeleka fangasi anayeua vyura wa porini. Mrudishe kwa aliyekuuzia au mpe mfugaji mwingine.

Wala usimfiche kwenye begi unaporudi nyumbani. Vyura hawa wako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, CITES, na kuwavusha mpaka kunahitaji kibali.